Sura ya Sita: Kutulia Hufundishwa

Malalamiko ni yale yale, uwe Kasese mjini au Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo. Mbwa ana miezi minane au tisa, ana afya, anakula akashiba, lakini hatulii. Anapita mbio juu ya kahawa iliyoanikwa kwenye turubai na kuitawanya mpaka kwenye matope. Anawarukia watoto wanaotoka shule na kuwachania sare. Anakimbiza bodaboda mpaka kona. Usiku, nyumba nzima ikitaka kulala, yeye ndio kwanza anaanza mzunguko wake: mlangoni, dirishani, banda la kuku, mlangoni tena. Mwenye mbwa akifika kwa daktari wa mifugo husema kwa sauti ya mtu aliyeshindwa: "Daktari, huyu ana wazimu. Nimfanyeje?"

Hana wazimu. Ni kijana, hana kazi, na hajalala. Hilo la usingizi huwashangaza wengi, maana mbwa wa namna hii huonekana amejaa nguvu na anahitaji tu kuchoshwa. Ushauri wa mtaani hufuata hapo hapo: mkimbize, akichoka atalala. Basi kijana wa nyumbani humtoa mbwa kila alfajiri, wakakimbia mpaka barabara kuu na kurudi, na mwezi ukiisha familia ina mbwa yule yule, ila sasa ana pumzi ndefu na misuli iliyokomaa. Kilomita mbili zilizokuwa zikimchosha sasa ni za kujinyoosha tu. Mazoezi anayahitaji, na nitayarudia, lakini mbio peke yake hazimfundishi mbwa kupumzika. Kupumzika ni jambo linalofundishwa kama vile kukaa au kuja anapoitwa, na katika nyumba nyingi hakuna aliyewahi kulifundisha.

Tumjue kwanza mbwa mwenyewe. Wengi wa mbwa wa wilaya hii ya Kasese ni wale tunaowaita wa kienyeji: wembamba, manyoya mafupi, mkia uliojikunja, masikio yanayosimama kila kukiwa na mchakacho. Wapo watu wanaowadharau na kusema hawafundishiki, wakatamani mbwa wakubwa wa kizungu wanaofanana na wa polisi. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Adam Boyko walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mbwa 318 wa vijijini katika Misri, Uganda na Namibia. Mbwa wa Uganda walionekana kuwa, kwa sehemu kubwa, wenyeji halisi wa Afrika, wala si mabaki ya mbwa walioletwa na wageni. Basenji, yule mbwa wa misitu ya Kongo aliyeonyeshwa Uingereza katika maonyesho ya Crufts mwaka 1937 na kuwa gumzo, aliangukia upande huo huo wa wenyeji. Rhodesian ridgeback, anayesifiwa duniani kote kuwa mbwa wa Afrika, alikutwa na damu nyingi ya nje.

Ukisimama Mpondwe, pale mpakani, na kutazama ng'ambo ya Mto Lhubiriha, barabara ile inakwenda Kasindi, kisha Beni, na mbele ya Beni kuna msitu wa Ituri, ambako mbwa wa aina ya basenji wamewinda na wenyeji kwa vizazi visivyohesabika. Mbwa wa Bwera hayuko mbali na ukoo huo. Mababu zake walifuata harufu kutwa nzima, wakakimbia, wakasimama, wakaamua mambo bila kusubiri amri ya mtu. Huyu tumempa ua wa mita kumi, mwembe mmoja na mnyororo. Nguvu zake ni zile zile, lakini hana pa kuzitumia.

Halafu kuna umri. Mbwa anapokaribia miezi sita huingia katika ujana, na kipindi hicho kinaweza kuendelea mpaka mwaka mmoja na nusu, hata miwili kwa mbwa wenye maumbo makubwa. Mwaka 2020 Lucy Asher wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mbwa waliokuwa wakilelewa ili wawe viongozi wa vipofu. Waliangalia jinsi mbwa wanavyotii amri ya kukaa wakiwa na miezi mitano, kisha wakiwa na miezi minane. Katika miezi minane mbwa walikuwa wazito zaidi kumtii mlezi wao, lakini amri hiyo hiyo ikitolewa na mtu mgeni, walitii. Walipofikia mwaka mmoja walikuwa wamerudi kufundishika vizuri. Kila mzazi aliyelea kijana atalitambua jambo hili bila kuelezwa. Kwa hiyo mama anayesema, "Huyu ananidharau mimi tu, jirani akimwita anakwenda," hakosei alichokiona. Anachokosa ni kuambiwa kwamba kipindi hicho kina mwisho, na kwamba fimbo haikifupishi hata kwa siku moja.

Sasa usingizi. Mtoto wa mbwa hulala saa 18 hadi 20 kati ya 24. Mbwa mzima hulala zaidi ya nusu ya siku, akigawanya usingizi vipande vipande mchana na usiku. Mbwa kijana yuko katikati, na yeye ndiye asiyejua kwamba amechoka. Akikosa usingizi halegei, anazidi kuchachamaa. Anazunguka ua kwa kasi mkia ukiwa umebanwa chini ya tumbo, anang'ata pindo la suruali au la kitenge, anabweka bila kuona kitu, macho yamekuwa mekundu. Ni kama mtoto wa miaka mitatu aliyekesha harusini: anachekacheka, anakimbia baina ya viti, na mara anaangua kilio ambacho hakuna zawadi inayoweza kukizima. Mtoto huyo hatuzidishii muziki. Tunamtoa ukumbini na kumlaza.

Mbwa wa Bwera atalala wapi mchana? Jumanne na Ijumaa ni siku za soko la mpakani. Malori yanapiga honi tangu asubuhi, watu wanavuka na mizigo kichwani, mashine ya kusaga inanguruma, na Kiswahili cha Kongo na Lhukonzo vinapishana njia nzima. Mbwa aliyefungwa mbele ya nyumba, uso kwa barabara, huona kila kitu na hafikii chochote. Kila mpita njia ni habari mpya. Kila habari humsimamisha. Mnyororo ukimvuta shingo, hasira huongezeka. Saa tatu usiku anafunguliwa alinde mali, na familia hushangaa kwamba mlinzi wao anabwekea hata kivuli cha mgomba.

Ninaelewa kwa nini watu hufunga. Barabara ni hatari, jirani ana mbuzi na kuku, na mbwa anayezurura anaweza kupigwa mawe au kulishwa sumu. Lakini mnyororo wa kutwa nzima ndio kiwanda cha tabia ile ile unayolalamikia. Kama uzio haupo, nyoosha waya imara kati ya miti miwili, tia pete, na kamba ya mbwa ipite kwenye pete hiyo ili aweze kutembea bila kujisokota. Mhamishe nyuma ya nyumba, penye kivuli, na uzibe upande wa barabara kwa mabati makuukuu, matete au magunia yaliyoshonwa pamoja. Watu hudhani hilo la kuziba ni dogo. Mbwa asiyeiona barabara huacha kuihudumia, na baada ya siku chache utamkuta amelala saa sita mchana, ubavu mmoja chini, miguu imenyooka.

Baada ya kumpa mahali, mfundishe kupatumia. Chukua gunia kuukuu la kahawa, likunje mara mbili liwe zito. Gunia ni zuri kwa sababu halina thamani, linabebeka, na linashika harufu yake upesi. Wakati wa kwanza uwe baada ya matembezi ya asubuhi, si wakati ameamka amefura nguvu. Tandika gunia, keti kwenye kigoda karibu yake, shika kamba bila kuivuta, na uwe na dagaa wakavu kiganjani, mukene kama wanavyoitwa huku. Usimwite, usimwamrishe, usimsukume mgongoni. Atasimama, atakutazama, atavuta kidogo, ataona hakuna kinachotokea. Mguu mmoja ukigusa gunia, weka dagaa mmoja juu ya gunia. Uweke, usirushe. Kurusha humrudisha kwenye mchezo. Akikaa, weka mwingine katikati ya miguu ya mbele. Akilala, weka mmoja, subiri, weka mwingine.

Hapo ndipo wengi huishia wakidhani kazi imekwisha, na hapo ndipo inapoanza. Mbwa anaweza kulala chini akiwa amekaza mwili mzima, nyonga zimenyooka sawasawa, tayari kuruka kama mshale. Huyo hajatulia, ametii tu. Tazama nyonga: zikiangukia upande mmoja, hiyo ni dalili ya kwanza. Tazama kidevu kikishuka kwenye gunia, masikio yakilegea, na sikiliza ile pumzi moja ndefu inayotoka puani. Dalili hizo ndizo za kulipia. Weka dagaa polepole mbele ya pua bila kusema neno, kwa sababu sifa za sauti kubwa humwamsha. Dakika tano zinatosha. Maliza kabla hajachoka nawe, kunja gunia ulifiche. Likitandikwa tena jioni liwe na maana moja tu katika akili yake.

Baada ya wiki mbili tatu za kufanya hivi bila kuruka siku, sogeza gunia kidogo kidogo kuelekea penye shughuli: karibu na jiko la nje, kisha karibu na watoto wakifanya kazi za shule, kisha karibu na turubai la kahawa. Soko la Ijumaa ni mtihani wa mwisho, si wa kwanza. Mpe jukumu hili mtu mmoja mtulivu nyumbani, awe binti au mvulana, mtoto wa miaka kumi na zaidi asiyependa kupiga kelele. Watoto wa namna hiyo hufaulu kuliko baba wenye haraka. Na kama mdogo wake humchokoza mbwa kwa kijiti akiwa juu ya gunia, hilo likomeshwe siku hiyo hiyo, maana litaharibu kila kilichojengwa.

Mbwa wetu wa kienyeji wanaweza haya yote. Ushahidi uko Gulu, kaskazini mwa Uganda. Francis Okello Oloya, mwanasaikolojia aliyepoteza macho utotoni kwa bomu, alianzisha huko mradi uitwao Comfort Dog Project. Watu waliojeruhiwa nafsi na vita vya Lord's Resistance Army huunganishwa na mbwa waliookolewa mitaani. Mbwa hao huchanjwa na kuhasiwa, kisha mtu na mbwa wake hupitia mafunzo pamoja mpaka wahitimu. Mbwa anayetakiwa kukaa kimya kando ya mtu anayeamka usiku na kumbukumbu za kutisha si mbwa wa kununuliwa Ulaya. Ni huyu huyu mwenye mkia uliojikunja, aliyekuwa akiokota mabaki nyuma ya mkahawa. Ninautaja mradi huo kila ninaposikia mtu akisema mbwa wa kijijini hana akili, na sijaona hoja inayoupinga.

Hata mbwa waliochaguliwa makusudi kwa nguvu zao hufundishwa kupumzika. Mbwa wa kunusa meno ya tembo na magamba ya kakakuona, wale wanaotumiwa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda kukagua mizigo Entebbe, ni wa aina inayochaguliwa kwa sababu haichoki upesi. African Wildlife Foundation wamekuwa wakiwafundisha mbwa wa kazi hiyo pamoja na waongozaji wao Usa River, karibu na Arusha. Kazi yao ni ya vipindi vifupi vya kunusa kwa makini, kisha mbwa hurudishwa bandani alale. Kunusa ndiko kunakomchosha akili.

Hilo tunaweza kuliiga bila shilingi moja. Chakula cha asubuhi usikiweke kwenye sahani. Kama ni posho (ugali) iliyochanganywa na dagaa, igandishe, ikate vipande vidogo, uvitawanye kwenye nyasi au chini ya migomba, umwache avitafute. Atachukua robo saa akisaga udongo kwa pua, na utaona anavyopumua kwa kina na kutembea badala ya kukimbia. Akimaliza, mwelekeze kwenye gunia. Bucha nazo zina kwato za ng'ombe ambazo hakuna anayezitaka. Kutafuna kwato kwa muda humtuliza mbwa kuliko mpira unaorushwa mara hamsini. Mifupa iliyopikwa usimpe, kwa sababu hupasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Vitunguu pia usimpe, vibichi wala vilivyopikwa, kwa kuwa huharibu damu yake.

Matembezi yafanyike alfajiri au jua likipungua. Kasese iko kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, chini ya Rwenzori, na mchana joto hufika nyuzi 30 na kupita. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hupoza damu kwa kuhema. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39, na likipita 41 yuko hatarini kufa. Ukiona anahema bila kukoma, ute umekuwa mzito, ufizi umekuwa mwekundu sana na anayumba, acha kila kitu, mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, kisha mtafute daktari. Katika matembezi hayo, mwache anuse. Kamba ndefu ya mita nane hivi na mkanda wa kifuani humpa nafasi hiyo bila kumwachia, na mkanda wa kifuani haumkabi koo anapovuta.

Kumwachia ni jambo la kufikiria mara mbili katika wilaya hii. Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952, imepakana na vijiji vyetu, na barabara ya kutoka Kikorongo kuja Bwera inapita ndani yake. Mbwa hawaruhusiwi humo. Mbwa kijana mwenye mbio anayefuata harufu ya swala haoni alama ya mpaka. Anakutana na chui, au na mtego wa waya uliotegewa mnyama mwingine. Na anaweza kuingiza ugonjwa. Mwaka 1994 virusi vya distempa vilivyotoka kwa mbwa wa vijijini viliingia Serengeti na kuua takriban simba 1,000, karibu theluthi moja ya simba wote wa huko. Na huku kwetu, simba wa Ishasha wanaopanda miti, ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth, ni wachache. Chanjo ya mbwa wako inawakinga na wao.

Neno moja la tahadhari kuhusu ugonjwa, nalo usilipite haraka. Yote niliyoyasema ni ya mbwa ambaye amekuwa hatulii tangu utotoni. Mbwa aliyekuwa mtulivu akabadilika ghafla, akahangaika, akang'ata vitu ovyo, sauti ikabadilika, akatokwa mate na kushindwa kumeza, huyo usimfundishe gunia. Usimguse. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na karibu wote waliumwa na mbwa. Mtu akiumwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Dalili zikishaanza, tiba hakuna. Mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu na kurudiwa kama daktari atakavyopanga.

Yapo pia mambo madogo yanayomnyima mbwa utulivu: viroboto, kupe masikioni, minyoo, njaa, kiu, jeraha ndani ya unyayo. Yachunguze kabla ya kulaumu tabia. Kuhasi husaidia kupunguza kuzurura kwa madume na kuzuia watoto wasiotakiwa, lakini hakuondoi nguvu wala hakumfundishi kitu. Atarudi kutoka kwa daktari akiwa yule yule, akisubiri kufundishwa.

Ni katika umri wa miezi minane hivi ndipo mbwa wengi hufukuzwa. Walichukuliwa wakiwa wadogo wa kupakatwa, na ghafla wakawa wakubwa, wenye kelele na hasara ya kahawa. Huachwa kandokando ya soko, au huuzwa kwa mtu atakayewafunga kwa mnyororo mfupi zaidi. Ndugu msomaji, kama unaye mmoja wa namna hiyo uani leo na tayari unamtafutia mteja, msubiri afikishe mwaka na nusu. Katika muda huo mchanje, mwondoe mbele ya barabara, mpe chakula chake akitafute kwa pua, na kila siku keti naye dakika tano penye gunia. Halafu ndipo uamue kama kweli unataka kumtoa.